Gunia langu ni kilo 100, ticha wa mtoto anasema huo siyo uzito. Nani anakosea hapa?

MamaMaharagwe_Busia

Habari zenu humu. Mimi nauza maharagwe na mahindi hapa Busia upande wetu wa Uganda, mwaka wa kumi na tano huu, kwa hiyo mambo ya kilo msinifundishe, kilo ndizo zimenisomeshea watoto. Lakini juzi nimeaibishwa na homuweki. Binti yangu yuko S2, mwaka wa pili wa sekondari, akaleta swali la fiziksi limeandikwa hivi: gunia la maharagwe lina masi ya kilo 100, tafuta uzito wake. Nikamwambia we mtoto swali limeshajijibu lenyewe, andika kilo 100 tukalale. Akaandika. Kesho yake karudi na X kubwa ya wino mwekundu, pembeni ticha kaandika 1000 N. Mtoto ananitazama kama mimi ndiye niliyemfelisha, na kweli ni mimi.

Sasa nauliza, kama uzito siyo kilo, mimi miaka yote hii nauza nini?

Jambo la pili ndilo linaniuma mfukoni. Maharagwe nanunua Kasese, napima kwa mizani ya mwenye mali, mimi mwenyewe nimesimama pale natazama, mia kamili. Yakifika Busia nayaning'iniza kwenye mizani yangu, ile ya springi yenye uso wa duara, inasoma 98, mara nyingine 97 na kitu. Gunia limeshonwa, uzi haujaguswa. Dereva nimemgombeza mpaka nimechoka, maskini ya Mungu. Wiki iliyopita tanboi wa lori akaniambia "mama, hiyo ni ikweta, Kasese iko karibu na laini, vitu kule vinabadilika uzito." Nikaona ananifanya mjinga, halafu nikakumbuka ile X ya ticha nikanyamaza. Nisaidieni, nani anasema kweli?

Boda_Nambari_Moja

ikweta gani hiyo inakula maharagwe ya mama peke yake mbona mkaa wangu haili 😂😂 mama huyo tanboi mwangalie vizuri

Mwalimu_Mstaafu_Arua

Mama pole na homuweki. Ticha wa mtoto yuko sawa, na wewe kwa lugha ya soko hujakosea, shida ni neno moja tunalifanyisha kazi mbili.

Sokoni tukisema uzito tunataka kujua mali ni kiasi gani, maharagwe yaliyomo ndani ya gunia ni mengi kiasi gani. Hiyo ndiyo fiziksi inaita masi, vitabu vya jirani zetu vinaita tungamo, na hiyo ndiyo inapimwa kwa kilo. Fiziksi ikisema uzito inaongelea kitu kingine kabisa, inauliza ardhi inalivuta hilo gunia kwa nguvu kiasi gani. Nguvu haipimwi kwa kilo, inapimwa kwa nyutoni. Ukitaka kuijua nyutoni moja, shika mayai mawili kwenye kiganja kabla muuza rolex, zile chapati za mayai, hajayapasua, ule mgandamizo unaousikia mkononi ndiyo nyutoni moja hivi, mayai yakiwa makubwa imezidi kidogo. Basi kila kilo moja ardhi inaivuta kwa nyutoni karibu 9.8, shuleni wanaifanya 10 ili watoto wasisumbuke na hesabu, ndiyo maana ticha kaandika 1000. Ukiwa mkali sana ni 980 hivi.

Kwa hiyo wewe unauza masi mama, na umekuwa ukiuza masi miaka yote kumi na tano. Mteja wako anataka maharagwe ya kupika. Kuvutwa na ardhi hakuingii kwenye sufuria.

Kuhusu ikweta, huyo kijana amesikia kengele hajui inalia kanisa gani. Ni kweli mvutano wa ardhi haulingani kila mahali, kwenye ikweta ni 9.78 na kwenye ncha za dunia 9.83. Lakini tazama, ikweta ndipo mvutano ulipo mdogo. Kwa hiyo ukiondoka kwenye laini kwenda mbali nayo mizani ya springi ingesoma ZAIDI, wewe yako inasoma pungufu! Maelezo yake yameenda kinyumenyume. Halafu Kasese na Busia zote ziko chini ya digrii moja kutoka kwenye laini, sisi Uganda nzima tunaishi mgongoni mwa ikweta. Hata ukiongeza na tofauti ya miinuko, kwa gunia la kilo 100 unaongelea gramu ambazo hazifiki hamsini, vijiko vichache vya sukari. Kilo mbili zako hazikupotelea kwenye ikweta. Zitafute kwingine.

Kijana_wa_Kikuubo

Ticha na heshima zote, mimi naona unatuzungusha. Umesema kilo ni kiasi cha mali na kuvutwa ni jambo lingine. Sasa mizani ya springi kazi yake si kuvutwa tu? Gunia linavuta chini springi inarefuka sindano inazunguka. Hapo hakuna mtu aliyehesabu maharagwe. Kama inapima kuvutwa mbona usoni wameandika kilo na si nyutoni?? Mtu hapa anadanganya, ama ni mizani ama ni wewe

Fundi_Mizani

Kijana wa Kikuubo umegusa penyewe, wacha nijibu mimi maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha, natengeneza mizani tangu nikiwa kijana.

Jibu ni kwamba mizani inasikia kuvutwa lakini inaandika kilo kwa kukisia. Aliyeitengeneza kiwandani alitundika jiwe la kilo 10 linalojulikana, akaona sindano imefika wapi, akachora pale 10. Akatundika la 20, akachora. Basi uso wote ule ni makubaliano: "nikisikia kuvutwa hivi, nitasema kilo hizi." Makubaliano hayo ni sahihi mradi mvutano wa mahali ni uleule. Ukiihamisha mizani mahali ambapo ardhi inavuta tofauti inaendelea kukisia kwa hesabu ya kule ilikotoka.

Mfano halisi. Kahawa yetu inasafirishwa kwenye mifuko ya kilo 60. Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa London, uilete Kampala bila kuigusa, utundike mfuko wa kilo 60 kamili. Itasoma pungufu ya gramu 200 hivi, kwa sababu London mvutano ni 9.81 na hapa ni 9.78. Kahawa haijapungua hata punje. Mizani ndiyo imekisia vibaya.

Sasa ile mizani ya zamani ya sahani mbili, ya mawe, ambayo wazee walipimia pamba na kahawa, ile haidanganyiki hivyo. Upande huu mali, upande huu mawe, ardhi ikivuta kidogo inavuta kidogo pande zote mbili, ikivuta sana inavuta sana pande zote, mkono unabaki sawa. Ipeleke London, ipeleke juu Rwenzori, ipeleke mwezini, jibu ni lilelile. Ile ndiyo inapima masi kwelikweli. Nasikitika zimebaki chache, watu wanaziuza chuma chakavu.

Hizi za digito watu wanadhani zina akili kuliko zote, hapana. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopindika kidogo sana ukiweka mzigo, umeme unasoma kule kupindika, kwa hiyo nayo inasikia kuvutwa tu kama springi. Ndiyo maana za maana zina menyu ya kuweka eneo ulipo, au unairekebisha hapohapo kwa jiwe la kilo linalojulikana. Mtu akikununulia mizani ya digito huko nje kwa bei nzuri usianze kuuza nayo siku hiyohiyo, mizani za biashara zinatakiwa zipite UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwanza.

Na hata hiyo kilo yenyewe mwanzo wake ni jiwe la mizani, tangu 1889 ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kimefungiwa karibu na Paris, dunia nzima inakilinganisha nacho. Mwaka 2019 tarehe 20 Mei ndipo waliacha kukitegemea, wakaifunga kilo kwenye namba ya maumbile ambayo haichakai. Sisi wa sokoni hatukusikia chochote, kilo ya sukari ilibaki kilo.

Mama, yako nitairudia, kuna mteja hapa.

Safari_Masaka

Mmenikumbusha Kayabwe pale kwenye laini ya ikweta barabara ya Masaka. Kuna kijana pale na mabeseni yake, anamwaga maji upande huu yanazunguka hivi, upande ule yanazunguka vile, pale katikati yanashuka wima. Nilimlipa nikafurahi nikapiga picha. Halafu akaniambia ati ukisimama kwenye laini unapungua asilimia 3. Mimi ni kilo 92 nikahesabu haraka karibu kilo tatu nikaanza kutafuta kiwanja cha kununua pale pale 😂 Ticha hii asilimia 3 ni kweli?

Mwalimu_Mstaafu_Arua

Safari, lile beseni ni mchezo wa mkono, maji yanazunguka kufuata jinsi alivyoyamwaga au alivyoligeuza beseni. Ni kweli dunia ikizunguka inageuza pepo kubwa na vimbunga, ila kwa beseni moja, hatua chache toka kwenye laini, hilo halipo kabisa. Lakini usimdai hela yako, burudani nayo inalipwa.

Asilimia 3 siyo kweli. Ukitoka ncha ya dunia, kule kwenye barafu, mpaka hapo Kayabwe, tofauti ni kama nusu ya asilimia moja. Wewe wa kilo 92 kwenye mizani ya springi iliyotoka huko kwenye ncha ungeona imepungua nusu kilo hivi. Na hujakonda, mwili ni uleule, mkanda unafungwa tundu lilelile.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza dunia inazunguka, na hapa kwenye ikweta ndipo tunapozungushwa kwa kasi kubwa kuliko wote, kwa hiyo sehemu ndogo ya mvutano inaishia kutushika tusitupwe nje, kama unavyobanwa pembeni ndani ya taksi dereva akikata kona. Ya pili dunia siyo duara kamili, kiunoni imevimba, kutoka hapa mpaka katikati yake ni mbali zaidi kwa kilomita 21 kuliko kutoka kwenye ncha. Ukiwa mbali na katikati unavutwa kidogo.

Na haya hayakugunduliwa kwa mizani, yaligunduliwa kwa saa. Mwaka 1672 Mfaransa mmoja, Jean Richer, alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, digrii tano tu toka ikweta, kutazama nyota. Saa yake ya pendulamu, ile fimbo inayoyumba kwa kuvutwa na ardhi, iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Fikiria mtu anasafiri bahari nzima halafu saa inamgomea! Ikabidi aifupishe ile fimbo ya pendulamu ndipo ikae sawa. Newton alipoandika kitabu chake kikubwa mwaka 1687 alilitumia jambo hilo kuonyesha kwamba kwenye ikweta mvutano ni mdogo.

Mimi nikiwa nafundisha hii ndiyo stori iliyowaamsha wale wa benchi la nyuma.

mtahiniwa_S4

Shikamoo ticha. Mi kinachonichanganya ni wale wa angani, wanaelea mule kwenye kituo, kitabu kinasema hawana uzito, ticha wetu anasema mvutano upo. Kama upo mbona wanaelea? na kama hawana uzito masi yao wanapimaje, mizani si itasoma sifuri

Mwalimu_Mstaafu_Arua

Marahaba mwanangu. Kile kituo kiko juu kilomita 400 hivi, ni kama kutoka Arua kwenda Kampala ila kwa kupanda juu. Pale mvutano bado uko karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Kwa hiyo ticha wenu yuko sawa, wanavutwa sana tu. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na kituo chao pamoja, kila wakati, ila wanakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo wanapoanguka dunia nayo inajipinda chini yao, hawaifikii. Ukisimama kwenye mizani halafu mizani na wewe mkadondoka pamoja kutoka juu ya mti, mizani itasoma nini? Hujaikandamiza, inasoma sifuri. Usijaribu.

Swali la pili ndilo zuri zaidi. Tangu kituo cha Skylab mwaka 1973 Wamarekani walikuwa na kiti chenye springi. Mtu anajifunga, kiti kinaachiwa, kinaenda mbele na nyuma mbele na nyuma, wanahesabu muda. Mwenye masi kubwa anayumba polepole, mwenye masi ndogo anayumba haraka. Hakuna kuvutwa na ardhi kwenye hesabu hiyo kabisa. Masi ni ule ukaidi wa kitu, kukataa kuanza kwenda na kukataa kusimama. Hiyo haiondoki hata mahali ambapo hakuna kinachokuvuta.

Mvuvi_Mwalo

huo ukaidi anaosema ticha sisi wa ziwani tunaujua hata bila kwenda angani

boti ikiwa majini imejaa mchanga au samaki, wewe huibebi, ziwa ndilo linabeba, unaweza kuisukuma kwa kidole kimoja ikaanza kusogea taratibuu. hapo utasema haina uzito. sasa ikishaanza kuja kwenye gati polepole kabisa, polepole kuliko mtu anavyotembea, thubutu uweke mguu katikati ya boti na gati uizuie. nina kidole cha mkono wa kushoto kucha haioti tena, nilikuwa na miaka kumi na sita nikaona boti inakuja polepole nikasema hii ndogo naizuia. ilikuja ikanibana bila haraka kama mtu anayefunga mlango. maji yalibeba uzito wote lakini ile mali ilikuwemo mle ndani haijapungua hata samaki mmoja

na mputa, yaani sangara, vilevile, ukimvuta akiwa bado majini unaona mwepesi, akitoka tu juu ya maji mkono unajua. samaki ni yuleyule

Kijana_wa_Kikuubo

Mvuvi sasa wewe ndiye umenieleza, ticha samahani 😅 Hata mimi nikisukuma toroli lenye mizigo pale Kikuubo, sokoni Kampala, sakafu sawa kabisa, siyo kupanda mlima, kuanza ni kazi, na kulisimamisha mtu akikatiza mbele ndio matatizo zaidi. Kumbe hapo sipigani na ardhi napigana na mali. Kwa hiyo mwezini toroli lingekuwa gumu vilevile?

Mwalimu_Mstaafu_Arua

Kulinyanyua lingekuwa jepesi, mwezi unavuta moja ya sita ya dunia. Gunia la mama la kilo 100 mwezini lingevutwa kwa nyutoni 162 badala ya 980, mizani yake ya springi ingesoma kilo 16 na nusu hivi, wewe ungelibeba begani unaimba. Lakini ukilisukuma kwa mbio halafu ukataka kulisimamisha ghafla litakugomea vilevile kama hapo Kikuubo, na ukilipiga teke vidole vitauma vilevile. Tena ingekuwa mbaya zaidi, viatu vingekosa kushika chini, kwa sababu kushika kunategemea kukandamizwa na wewe hukandamizwi vya kutosha.

Halafu jambo moja watu hulisahau. Kitu chenye masi kubwa kinavutwa zaidi lakini pia kinakaidi zaidi, vinafutana, ndiyo maana bila hewa kila kitu kinaanguka kwa kasi moja. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini akaachia nyundo na unyoya pamoja mbele ya kamera. Vilitua sawia.

Fundi_Mizani

Nimerudi. Mama, sasa sikiliza, namba kwenye mizani inaweza kushuka kwa njia tatu tofauti na watu huzichanganya. Inaweza kuwa mvutano umebadilika, hiyo ticha ameshaiondoa. Inaweza kuwa mali yenyewe imepungua kweli. Au mali iko palepale, mvutano uko palepale, ila mizani inasema uongo.

Tuanze na mali. Maharagwe ya Kasese unayapata yametoka shambani siku ngapi? Kama unayachukua na unyevu wa asilimia 16, maana yake ndani ya kilo 100 una kilo 84 za maharagwe makavu na kilo 16 za maji. Yakikaa stoo na kwenye lori joto likayapiga mpaka yakashuka kuwa asilimia 15 tu, zile 84 hazijaguswa ila gunia zima sasa ni kilo 98.8. Umepoteza kilo moja na gramu 200, uzi haujakatwa, dereva hajala. Hiyo ni masi imeondoka kweli, imeondoka kama mvuke kupitia kwenye gunia. Ulilipia maji kwa bei ya maharagwe. Wanunuzi wakubwa wanatembea na mashine ya unyevu mfukoni, na wale wa kahawa ya kiboko, iliyokaushwa na ganda lake, ndiyo usiseme, wanauma punje kwa meno kabla hawajaongea bei.

Lakini wewe unapoteza mbili mpaka karibu tatu, kwa hiyo nina wasiwasi na mizani. Fanya hivi. Kwanza itundike tupu, bila chochote, simama mbele yake macho yako yakiwa usawa wa sindano, uniambie sindano imelala wapi. Halafu tundika kitu ambacho masi yake imeandikwa na hakijafunguliwa, mfuko wa simenti wa 50 ni mzuri, au bando la sukari. Usitumie jerikeni la maji, watu wanajaza mpaka mdomoni linazidi lita 20 na jerikeni lenyewe lina masi yake, utajidanganya. Rudi na majibu.

Boda_Nambari_Moja

fundi mimi swali langu ni abiria, akiniambia yeye ni mwepesi niongeze wa pili 😂

Afande_Kambini

Boda, mwambie apande mwezini. Sisi begi la kilo 30 mlimani tuliambiwa "ni akilini tu." Hakuna akili pale, nyutoni zilikuwepo 300 kasoro.

MamaMaharagwe_Busia

Nimerudi, na msinicheke.

Jana jioni nimefunga duka mapema nikaitundika tupu kama fundi alivyosema. Miaka yote naisoma nikiwa nimesimama pembeni nashika daftari, sijawahi kusimama mbele yake ikiwa haina kitu. Sindano haikuwa kwenye sifuri! Ilikuwa imelala nyuma ya sifuri, upande ule hakuna namba, kama mstari mmoja wa kilo hivi. Nikamwita binti yangu aje aone, akasema mama hii inaanzia kwenye deni.

Nikatundika simenti ya 50 ya jirani, haijafunguliwa. Ikasoma 49. Nikatundika bando la sukari la kilo 20, ikasoma 19. Kila kitu pungufu moja, kikubwa na kidogo.

Ndipo nikakumbuka. Kulikuwa na kulabu kubwa ya chuma na mnyororo wake, ilivunjika mwaka jana tukiwa tunapakua mahindi, kijana akafunga kamba ya nailoni tukaendelea na kazi. Ile sindano ilikuwa imewekwa kwenye sifuri kulabu ikiwa imening'inia, sasa kulabu haipo, kamba haina kitu, sindano ikarudi nyuma. Kwa hiyo kila gunia tangu mwaka jana mizani inameza kilo moja kabla haijaanza kusema. Na hiyo nyingine iliyobaki na gramu zake ni maji ya fundi. Maharagwe ya safari ya mwisho niliyauma, yale ya Kasese nilipoyanunua meno yaliingia, haya ya stoo leo yanataka kuvunja jino.

Dereva nimempigia simu. Nimeanza kuomba msamaha akasema mama uko salama kweli, unaumwa?

Fundi_Mizani

Hahaha sawa kabisa mama, hiyo ni kosa la sifuri, ndiyo maana ikapungua moja kwa simenti na moja kwa sukari. Ingekuwa springi yenyewe imechoka tofauti ingekua kadiri mzigo unavyokua. Tafuta skrubu ndogo, kwa nyingi iko juu karibu na pete au pale katikati ya uso, tundika kamba yako na kila unachotumia, zungusha taratibu mpaka sindano ikae sifuri, halafu rudia simenti. Ila ni ya biashara, ipeleke ikakaguliwe upya usije ukapata kesi.

Kijana_wa_Kikuubo

Mama lakini subiri. Ukiuza kwa mizani hiyo umempa mteja kilo moja bure kila gunia. Je ukinunua?

MamaMaharagwe_Busia

We kijana una jicho baya. Ya Kasese nanunua kwa mizani ya kule kwa hiyo hao sina deni nao. Lakini kuna mzee jirani aliniuzia mahindi msimu uliopita, magunia matatu, na nilipima kwa hii hii. Yeye mwenyewe alisema "mbona nyumbani yalikuwa yanajaa zaidi," nikamwambia mzee mizani haidanganyi.

Leo asubuhi nimempelekea kilo tatu za mahindi, nikamweleza habari ya kulabu, sijui kama ameelewa, amecheka tu akaingia ndani akanitolea mayai mawili. Nimefika nayo nyumbani binti yangu akayaweka kwenye kiganja akasema, mama, umelipwa nyutoni moja.